Dozi ya Pili Saa Nane

Mwaka 2007 nilimwandikia bibi mmoja kikaratasi. Mjukuu wake, mtoto wa miaka miwili mwenye kilo 12, alikuwa na malaria isiyo kali. Dawa mseto ilikuwa bado ngeni huku Kigoma, imeingia miezi michache tu nyuma kuchukua nafasi ya SP, dawa ya malaria tuliyoitumia kabla yake, na ratiba yake ilikuwa inatusumbua hata sisi wenyewe: dozi ya kwanza papo hapo, ya pili zikipita saa nane, halafu asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mtoto alimeza kidonge cha kwanza mbele yangu saa 4 asubuhi. Nikaandika kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa, nikiona nimeandika vizuri: DOZI YA PILI BAADA YA SAA 8.

Siku ya nne bibi alirudi kwa ajili ya kumwangalia mtoto. Aliacha kandambili mlangoni, akakaa kwenye benchi, akaniambia, "Mwanangu, dawa yako ina kazi. Siku ile nilifika nyumbani saa tisa. Saa nane ya mchana imeshapita, nikajua basi ni ya usiku. Nikakesha. Kijana wa jirani ana simu, nikamwomba anigongee ukuta. Ilipofika saa nane nikangoja kidogo, maana umeandika baada ya, ndipo nikampa."

Dozi iliyotakiwa kumezwa saa 12 jioni ilimezwa saa nane na dakika kadhaa usiku, yaani zimepita saa 16 badala ya 8. Na bibi hakukosea hata kidogo. Alichokifanya ndicho nilichokiandika. Mwanamke wa zaidi ya miaka sitini alikesha gizani ili kutii sentensi yangu neno kwa neno, mpaka lile "baada ya" akalitendea haki. Mtoto alipona, namshukuru Mungu, lakini mimi usiku ule sikulala vizuri, na sijawahi kukisahau kile kikaratasi.

Watu huniuliza nimewezaje kushika udaktari na uandishi pamoja, kana kwamba nauza dagaa asubuhi na kushona nguo jioni. Kwangu ni kazi moja. Nimefanya kazi wodini, ofisini, kambini, redioni na gazetini, Kigoma na Tabora, na kila nilipohamishwa nilikutana na tatizo lile lile la kikaratasi kwa sura nyingine. Nataka kueleza hapa jinsi linavyofanya kazi, maana vijana wengi wanaomaliza udaktari hawaambiwi.

Kwanza niseme daktari wa familia ni nani, kwa sababu hata ndugu zangu Ujiji walidhani ni daktari anayekwenda kutibu majumbani kwa matajiri. Ni daktari bingwa. Amesoma udaktari miaka mitano, akafanya mwaka wa mazoezi kazini, kisha akarudi darasani kusomea ubingwa. Nchini kwetu mafunzo hayo yalianza miaka ya 2000 Dar es Salaam, na bado tuko wachache. Bingwa wa moyo amebobea kwenye moyo na wa macho kwenye macho. Mimi nimebobea kwenye mtu yule yule kwa miaka mingi, pamoja na wale anaokula nao sahani moja. Mwanamke anakuja kwangu na mimba, anarudi na mtoto anayekohoa, baadaye ananiletea mama mkwe mwenye kisukari, na siku moja anakuja peke yake, anafunga mlango, anasema hapati usingizi tangu mume alipovuka ziwa kwenda Kalemie, upande wa Kongo. Kwenye vitabu hayo ni magonjwa manne ya mabingwa wanne. Kwangu ni nyumba moja.

Vifaa vya chumba changu ni vichache: mashine ya presha, mizani, kipimo cha sukari, taa ya kuangalia koo, kitanda chenye shuka la plastiki. Sehemu kubwa ya ugonjwa naipata kwenye maelezo, na sehemu kubwa ya tiba naitoa kwa maelezo. Vidonge vitamezwa nyumbani, mimi sipo. Kinachokwenda naye nyumbani ni kifuko cha dawa kilichoandikwa "1x3" na yale aliyoyashika kichwani. Hiyo "1x3" tunaiandika kila siku bila kufikiri. Nimewahi kumkuta mzee aliyeielewa kuwa ni kidonge kimoja kwa siku tatu, na mama aliyeielewa kuwa ni vitatu kwa mara moja, na wote wawili wanajua hesabu vizuri kabisa.

Mapenzi ya maandishi niliyapata kwa mama. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Radio Tanzania ilirusha vipindi, vijitabu vikachapwa, na watu wapatao milioni 2 nchi nzima wakakaa kwenye vikundi kusikiliza, kusoma na kujadili malaria, vyoo na maji safi. Nilikuwa na miaka minne, kwa hiyo ninachokijua ni cha kusimuliwa. Mama alikuwa ndiye msomaji wa kikundi cha mtaa wetu Ujiji, kwa sababu alimaliza darasa la nne na sauti yake ilisikika. Redio ilipozimwa alisoma aya, akanyamaza, akaangalia nyuso. Wakiitikia aliendelea. Wakikaa kimya alijua neno limekwama, akalisema upya kwa Kiha, au kwa mfano wa kitu kilichopo pale uani. Choo chetu cha kwanza chenye mfuniko kilichimbwa msimu ule. Kijitabu chenyewe kilikaa miaka mingi kwenye sanduku lake la nguo, kikinuka karafuu, na pembeni mwa kurasa kuna alama za penseli: kistari kila mahali ambapo watu walinyamaza. Nimesoma miongozo mingi ya uelimishaji tangu hapo. Vile vistari vya penseli bado ndivyo mwalimu wangu mkubwa.

Nilikwenda kusoma sekondari Tabora kwa treni, halafu Muhimbili, na mwaka 1999 nikarudi mkoani kama daktari kijana katika hospitali moja ya wilaya.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo ni zito kuliko la kikaratasi. Usiku, msimu wa mvua, mama kijana alimleta mwanawe. Nilimuuliza ana nini. Akasema, "Tangu juzi anashtukashtuka kama aliyeona kitu, halafu macho yanapanda juu." Mafaili tulikuwa tunayaandika kwa Kiingereza, kama tulivyofundishwa. Nikageuza ile sentensi haraka kichwani na kuandika kwamba mtoto ana homa na mitukutiko kwa siku mbili. Kitabibu ni sahihi. Nikaagiza kwinini, nikaenda kumwona mgonjwa mwingine. Muuguzi alipokwenda na sindano, kitanda kilikuwa kitupu. Mama ameondoka na mtoto usiku ule ule, kwenye mvua.

Kwenye tafsiri yangu niliyatupa maneno matatu: "kama aliyeona kitu". Yale maneno matatu yalikuwa yananiambia yote. Mama alikuwa ananieleza kwamba mwanawe ana degedege. Kwa wazee wetu degedege lilihusishwa na dege, nondo anayeruka usiku, anayesemwa kumpitia mtoto. Na kwenye jamii nyingi nchini, watu waliamini kwa dhati kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Kwa hiyo yule mama hakukimbia matibabu. Alimwokoa mwanawe kutoka mikononi mwangu. Kama ningemsikia, ningekaa kitandani kwake dakika tano, ningemwambia kwamba degedege nalijua, kwamba linaletwa na homa kali ya malaria inapopanda kichwani, na kwamba nitalishughulikia degedege lenyewe kwanza kabla ya kingine. Sikumwona tena yule mtoto.

Kuanzia wiki ile nikanunua daftari la kurasa 96 lenye jalada gumu. Kila mgonjwa aliyeniambia sentensi ambayo ingepotea kwenye faili, niliiandika humo kama alivyoisema, kwa Kiswahili au Kiha, bila jina wala tarehe. "Moyo unakwenda kama cherehani." "Nasikia vitu vinatembea chini ya ngozi." "Chango limeamka." "Mwili umekataa kazi, akili inataka." Leo nina madaftari 31. Si mkusanyo wa vichekesho na sijawahi kuwaruhusu wenzangu wayasome hivyo. "Moyo unakwenda kama cherehani" imenipeleka mara mbili kwenye tezi la shingo, na mara nyingi zaidi kwenye hofu ya mtu ambaye hajui atalipaje ada ya mtoto.

Na tangu hapo nimeacha kupigana na neno degedege. Vipeperushi vya zamani vilikuwa vinaanza kwa kusema hayo ni imani potofu. Mama anayesoma mstari huo akiwa amembeba mtoto anayetetemeka anajua mwandishi hamwelewi, hasomi wa pili. Mimi naanza hivi: degedege linatibika hospitalini. Wakishafika, dawa iko pale, siku hizi artesuneti ya sindano, na muda wa kueleza nondo na mbu utapatikana mtoto akishatulia.

Ujiji tumekua karibu na mnara wa Livingstone na miembe yake. Watoto hupelekwa pale na kufundishwa jinsi Stanley alivyomsalimia mwaka 1871. Mimi nilipokuwa mkubwa nilivutiwa na jambo jingine: Livingstone alikuwa daktari, aliyehitimu Glasgow mwaka 1840, na mwaka ule wa 1871 akiwa ng'ambo ya ziwa aliishiwa karatasi na wino. Akaendelea kuandika shajara yake juu ya gazeti kuukuu, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino alioutengeneza kwa mbegu za mmea. Miaka minne kabla yake mtu alitoroka na sanduku lake la dawa, kwa hiyo alikuwa daktari asiye na dawa, aliyebaki na maandishi tu. Alipofariki mwaka 1873, watumishi wake Chuma na Susi na wenzao ndio waliobeba mwili wake pamoja na maandishi hayo, wakapita Tabora hadi pwani. Nina mengi ya kusema kuhusu wazungu waliopita huku na waliyoyafungulia njia, siku nyingine. Lakini kila ninapojiambia kwamba nimechoka na daftari litasubiri kesho, nalifikiria lile gazeti.

Tabora nilipelekwa kuwa mganga mkuu wa wilaya. Ni kazi ya ofisini: magari, bajeti, dawa, vikao, na taarifa zinazotoka kwenye vitabu vya MTUHA. Kwa mtu wa nje niseme tu kwamba kila zahanati ina vitabu vikubwa vyenye namba, wagonjwa wa nje kitabu namba 5, wajawazito namba 6, watoto namba 7, na kadhalika, na kila mgonjwa ni mstari mmoja. Mwisho wa mwezi mistari inahesabiwa, jumla inapanda juu. Naviheshimu sana vile vitabu. Bila hivyo tungekuwa tunaagiza dawa kwa kubahatisha.

Lakini mstari mmoja hauna nafasi ya kuandika mtu amelala wapi. Mwaka ule zahanati moja ya pembezoni ilikuwa inaleta wanaume wenye homa isiyokuwa na malaria, wanatibiwa, wanarudi. Kwenye kitabu wameandikwa homa, homa, homa. Nilikwenda mwenyewe, nikakaa na watatu kati yao chini ya mwembe, nikawauliza swali ambalo daktari wa familia analiuliza hata kwa mafua: mwezi huu umelala wapi, na nani? Wote walikuwa warina asali. Walikuwa wametoka makambini, ndani kabisa ya miombo upande wa Ugalla, wiki tano wakitundika na kurina mizinga ya magome. Mmoja akanionyesha kidonda kilichovimba shingoni. "Ndorobo," akasema, maana huko ndivyo wanavyomwita mbung'o. Mkewe, ambaye sikumuuliza kitu, akaongeza kutoka jikoni, "Na siku hizi mchana analala na kijiko mkononi, usiku anatembea."

Hayo ni malale, ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o. Aina ya huku kwetu mashariki haisubiri miaka kama ile ya Afrika magharibi. Mtu asiyetibiwa anaweza kufa ndani ya miezi michache, na vimelea vikishaingia kwenye ubongo tiba inakuwa ngumu. Sentensi ya yule mama ilikuwa na maana kwamba kwa mumewe vimeshaingia. Tukachukua damu, darubini ikathibitisha.

Nikaandika taarifa ya kurasa nne kwenda ngazi ya juu. Nilieleza kila kitu kwa mpangilio wa kitaalamu. Haikujibiwa. Baada ya wiki mbili nikaandika upya ukurasa mmoja: ramani niliyoichora kwa kalamu, nukta tatu za makambi, idadi ya wagonjwa, na chini yake maneno ya yule mama kama alivyoyasema, kijiko mkononi. Timu ilifika siku ya sita. Sikuwalaumu kwa ile ya kwanza. Niliisoma tena nikaona kwamba wagonjwa wenyewe walikuwa ukurasa wa tatu.

Mei 2015 nilikuwa nimesharudi Kigoma na ubingwa wangu. Warundi walikuwa wanakimbia nchi yao, na makumi ya maelfu wakajikuta Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, karibu kabisa na mpaka, hakuna barabara ya kuwatoa. MV Liemba, meli kongwe iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikawa inakwenda na kurudi kuwaleta Kigoma mjini, wanashushwa, wanapumzishwa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wanapelekwa kambi ya Nyarugusu. Kipindupindu kikalipuka katikati ya safari hiyo. Wanaokumbuka siku zile hapa mjini hawahitaji nieleze, na kwa wasiokuwepo siwezi kueleza yote.

Nitasema la maji tu. Kipindupindu kinaua kwa kukausha mwili. Anayeweza kunywa, tiba yake kubwa ni ORS, unga wa chumvi na sukari, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Mtoto anaongezewa na vidonge vya zinki. Tangazo tulilolikuta limeandikwa lilisema "changanya pakiti moja kwenye lita moja". Siku ya pili uwanjani nilipita kwenye mikeka nikiangalia vyombo. Watu walikuwa na chupa za maji walizookota au kupewa, nyingi za nusu lita, chache za lita moja na nusu. Chupa ya lita moja hata sikuiona. Waliokuwa na chupa ndogo walimwaga pakiti nzima ndani yake, na chumvi ikizidi hivyo, mtoto anaweza kuumia badala ya kupona. Wenye chupa kubwa walikuwa na maji hafifu. Wote walikuwa wanafuata tangazo.

Tukakaa chini, mimi na muuguzi mmoja Muha, maana Kiha na Kirundi ni ndugu na mtu wa Kasulu husikilizana na mtu wa Makamba bila mkalimani. Tukaandika: "Chukua chupa ndogo ya maji. Ijaze, mimina kwenye ndoo safi. Ijaze tena, mimina. Sasa weka pakiti nzima, koroga." Akalisoma kwa Kirundi kwenye kipaza sauti, akiwa amenyanyua chupa juu. Neno lita halikutajwa. Tulizunguka tena jioni kuangalia vyombo, na usiku nikaandika kwenye daftari kwamba hilo ndilo andiko langu bora, na ni sentensi nne.

Baada ya hapo gazeti moja likaniomba safu ya afya kila wiki. Niliipenda kazi ile. Na ndani yake nikamuumiza mtu. Niliandika kuhusu huzuni nzito inayowapata baadhi ya wanawake baada ya kujifungua, jambo linalofichwa sana, linaloitwa uvivu au kisirani. Nilimtumia mgonjwa wangu kama mfano. Nilibadili jina lake, nikaona inatosha. Lakini niliacha biashara yake, idadi ya watoto wake, na kwamba mume yuko ng'ambo. Kigoma mjini ni padogo. Wiki iliyofuata alikuja, hakukaa. Akasema, "Shikamoo dokta. Sokoni wananiita yule wa gazetini. Nimekuja kuchukua kadi yangu." Hakunigombeza. Nilimpa kadi, nikaomba radhi, akaitikia kwa heshima, akaenda kutibiwa kwingine. Nasali kwamba alienda kweli.

Niliacha safu kwa karibu mwaka mzima. Niliporudi nilirudi na masharti ambayo sijawahi kuyavunja. Naomba ruhusa. Namsomea mhusika andiko kabla halijatoka, kwa sauti, hata kama anajua kusoma, ili nione uso wake. Akisita mahali, panatoka. Nabadili mtaa, kazi, umri na watoto, wala si jina peke yake. Hata hapo juu nimefanya hivyo. Na kuna habari ambazo hazitaandikwa kamwe, zimebaki kwenye daftari bila jina na zitachomwa nikifa, wanangu wanajua. Bibi wa kikaratasi ametangulia mbele ya haki. Mjukuu wake sasa ni kijana anayefanya kazi bandarini Kibirizi. Nimemsomea aya za mwanzo za andiko hili, akanyamaza kidogo, akasema, "Bibi alikuwa hivyo hivyo. Acha."

Siku hizi muda wangu mwingi unakwenda kwenye presha, na presha ni vita ya maneno kweli kweli. Watu wetu wanasema kuna presha ya kupanda na presha ya kushuka, na mtu akijisikia kizunguzungu anaamua mwenyewe ana ipi. Lakini neno linalonitesa ni dozi. Kwa miaka mingi tumewafundisha watu kumaliza dozi: ya malaria siku tatu, ya kifua kikuu miezi sita. Wameshika vizuri. Sasa namwandikia mtu vidonge 30 vya presha, anavimeza vyote kwa uaminifu, harudi. Miezi minne baadaye analetwa mdomo umepinda, mkono haunyanyuki, na mke wake ananiambia, "Lakini dokta, alimaliza dozi." Ni kile kikaratasi tena. Amefanya tulichomfundisha.

Niliongea haya kwenye redio moja ya hapa, na msikilizaji mmoja, mvuvi, akapiga simu akanisaidia kuliko kitabu chochote. Akasema, "Dokta, waambie ni mafuta ya karabai." Wavuvi wa dagaa hapa ziwani hutoka usiku wa giza, wanawasha taa juu ya maji, dagaa wanaifuata. Zamani zote zilikuwa karabai. "Jana ulijaza, ukavua," akasema. "Leo hujajaza, utasema mafuta niliyamaliza jana?" Tangu siku hiyo neno dozi silitumii kwa presha. Nasema: kidonge hiki kinawaka mchana mmoja na usiku mmoja, kesho ujaze.

Yeye huyo ndiye aliyenifungua macho kuhusu tarehe. Nilikuwa nalalamika kwamba wanaume wa mwaloni hawaji kliniki. Akaniuliza kliniki yangu iko lini. Nikasema Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Akacheka kwa upole, akasema mvuvi wa dagaa hahesabu Jumatatu. Mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti samaki, mitumbwi inakaa nchi kavu, wanaume wanashona nyavu. Tukahamisha kliniki ya presha ya mwalo ule ikafuata mwezi wa angani. Sasa benchi linajaa, na nyavu wanakuja nazo.

Sasa hivi niko kwenye kijitabu cha kisukari kwa wanaotumia insulini na hawana friji. Hakitoki mpaka kisomwe kwa sauti na watu watatu: fundi cherehani wa Gungu, mama anayeanika dagaa, na binti wa darasa la saba. Mimi nakaa pembeni na penseli. Alhamisi iliyopita mama alisoma ukurasa wa tisa vizuri, akafika kwenye "hifadhi mahali penye ubaridi", akasimama. Akaliangalia bati la paa, akaliangalia jua nje, akaniangalia mimi.

"Dokta," akasema, "mahali hapo ni wapi?"

Nikaweka kistari. Tukatumia saa nzima, chai ikapoa. Mwisho ukurasa wa tisa unasomeka: "Chukua mitungi miwili ya udongo, mdogo uingie ndani ya mkubwa. Katikati jaza mchanga, umwagie maji asubuhi na jioni. Chupa ya insulini ifunge kwenye mfuko isilowe, iweke ndani ya mtungi mdogo, funika kwa kitambaa kibichi, weka kivulini panapopita upepo." Alisoma mara mbili bila kusita. Halafu akaniuliza kama mchanga wa ziwani unafaa au ni lazima wa mtoni. Nimeahidi kumjibu akija Alhamisi, nina jozi mbili za mitungi barazani na kipimajoto ndani ya kila moja.